Darasa la kutuliza moyo kwenye stelingi (usukani), Kisaasi, Kampala: nimeenda, nawaambia lilivyo

Naendesha gari hapa Uganda mwaka wa 14 sasa, mara nyingi Kampala–Tororo maana nyumbani ndo huko, na sikuwahi kufikiria kama kuna siku ntalipa hela nifundishwe mambo ya moyo wakati pamiti (leseni ya udereva) ninayo na gari naijua. Kilichonipeleka ni mambo ya mwaka jana. Dada yangu alinipigia simu nimetoka Lugazi naingia msitu wa Mabira, saa moja jioni, giza linaanza kushika, nikaweka spika nikiwa naendelea tu kuendesha. Akasema "mama ametuacha" halafu akaanza kulia. Sikusimama. Nilikuwa natazama barabara lakini siioni, hata spidi sikujua nimefika ngapi, mpaka mke wangu akapiga kelele na kumbe mbele kuna trekta la miwa halina taa hata moja, nikakanyaga breki, gari ikaacha lami ikasimama kwenye vumbi kushoto na majani ya miwa yanapepea pale pale mbele ya kioo. Mtoto wa kaka yangu alikuwa kiti cha nyuma.

Ndo maana rafiki yangu dereva wa lori aliponiambia kuna mahali Kisaasi wanafundisha siku moja jinsi ya kuendesha ukiwa na hasira, msiba, wasiwasi, hata furaha, sikubishana naye. Ni shilingi 150,000, chakula cha mchana ndani yake, Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Tulikuwa watu 22: wa malori, wa taksi (zile daladala zetu), madereva wawili wa spesho haya (gari za kukodi), na akina mama wanaopeleka watoto shule. Mwalimu ni mama mmoja wa makamo, anafundisha kwa Kiingereza na Kiluganda lakini akiona wale wa malori wametulia sana anageukia Kiswahili, na Kiswahili chake ni safi. Hakuanza na sheria. Aliuliza kila mmoja: mara ya mwisho uliendesha ukiwa umejaa ndani ilikuwa lini, na uliona nini barabarani? Karibu wote tulikosa jibu la swali la pili. Akasema ndo hivyo, moyo ukijaa mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, mapigo yanapanda, pumzi inakuwa fupi, macho yanakazania kitu kimoja mbele na vya pembeni vinapotea, na vya pembeni Kampala ni boda na watoto. Halafu akapiga hesabu ubaoni: kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 3 za mawazo ni mita 66 hakuna mtu anayeendesha hiyo gari. Mi nilikaa kimya nikakumbuka lile trekta.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la barabarani. Mnaingia kwenye gari ya mafunzo, mnashika Northern Bypass mpaka Kalerwe, na dereva anatakiwa kutaja kwa sauti kila anachokiona: boda kushoto, taksi inatoka steji, mama na ndoo, lori mbele linawasha indiketa. Mwanzoni unaona aibu lakini baada ya dakika mbili unashangaa, ulimi ukiwa na kazi ya kutaja barabara hauna nafasi ya kutukana mtu. Pale raundabauti taksi moja ikatuingilia kwa nguvu mpaka nikasikia joto linapanda shingoni, mwalimu hakunikemea, aliniambia tu "vidole vyako". Nikaangalia, nimebana stelingi mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Legeza vidole, shusha mabega, toa pumzi polepole zaidi ya ulivyoivuta, iache hiyo taksi ipite. Akaongeza kwamba damu iliyochemka haipoi mara moja, hata ukijiona umetulia kaa bado nyuma, usiovateki.

Kuhusu msiba alikuwa mkali na namshukuru kwa hilo. Simu ya kifo, au ya mtoto kulazwa, ukiipokea njiani gari inasimama, siyo kupunguza mwendo, inasimama mahali salama nje ya lami, hazadi (taa za tahadhari) zinawaka, na stelingi anashika mtu mwingine, na kama hayupo unapanda basi. Sisi huku taarifa ya mazishi ikija usiku tunajipakia gari moja watu saba na anayeendesha ndo huyo mfiwa mwenyewe kwa sababu gari ni yake, hili tulizoea na ni baya. Hata wa harusi aliwagusa, ile misafara ya honi na kufukuzana, furaha nayo inalewesha.

Sasa kasoro, maana nimelipa hela yangu. Tulianza dakika 50 baadaye eti wanasubiri wengine, watu wa mbali tuliamka saa kumi za usiku na hakuna aliyetuomba radhi. Magari ya mafunzo ni mawili tu kwa watu 22, mi nilipata dakika 15, kuna mama mmoja alipata kama 8 na ndo alikuwa anahitaji zaidi, alishalia asubuhi akisimulia ajali yake. Hawakugusa kuendesha usiku hata kidogo, na barabara kama ya Jinja na malori yake usiku ndo mtihani wenyewe. Cheti waliahidi Jumatatu, kikaja baada ya wiki tatu. Chakula kilikuwa kizuri, matoke na mchuzi wa karanga, sina neno hapo.

Ukiniuliza kama inafaa hela yake ntasema ndiyo, wapunguze watu wawe 10 itakuwa bora zaidi. Nyumbani tumebadilisha kitu kimoja: mtu yeyote wa familia akipiga simu na habari nzito lazima aulize kwanza uko wapi na nani ameshika stelingi. Mwezi uliopita dada huyohuyo alinipigia, mjomba amelazwa, na neno lake la kwanza lilikuwa "kaka, simama kwanza." Nikasimama Najjembe pale kwa wachoma kuku, nikasikiliza yote gari imezimwa, mke wangu akaendesha mpaka Tororo.

Mnaotaka kwenda, fikeni mapema mkae mbele na mwombe zamu ya gari kabla ya chakula, mchana barabara ya Kalerwe inajaa jam na zoezi linakuwa fupi.