Kitanda cha juu chenye meza chini, kazi ya Nsambya: tathmini kwa chumba cha mvulana

Katika chumba cha futi 10 kwa 10 anacholala kijana wa miaka 11 hadi 17, hakuna samani inayookoa nafasi kama kitanda kilichoinuliwa juu, meza ya kusomea ikakaa chini yake. Kampala kinapatikana kwa njia mbili. Kipo kile cha ng'ambo kinachouzwa kikiwa ndani ya boksi, unakiunganisha mwenyewe kwa skrubu. Na kipo kile kinachochongwa kando ya barabara, na mtaa wa Nsambya ndio wenye mafundi wengi wa kazi hiyo. Tathmini hii ni ya hicho cha pili. Mnunuzi akienda na vipimo vyake mkononi, kitanda cha Nsambya kinakishinda cha boksi kwa mbali. Akisema tu "nichongee kama kile pale", atapata kitanda chenye kasoro tatu zinazojirudia karibu kila karakana: chaga chache, ukingo mfupi na meza finyu.

Cha boksi kinashindwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni maji. Vingi ni chipubodi, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, iliyofunikwa karatasi ya plastiki, na nyumba zetu hupigwa deki kila siku kwa tambara lililolowa. Maji yanaingia kwenye ncha za miguu, chipubodi inavimba na karatasi inabanduka. Ukikihamisha mara moja tu, skrubu zinatoka na unga wake na hazishiki tena. Usisahau pia kile cha umbo la gari la mashindano, ambacho mtoto wa miaka 7 hukililia na akifika 12 hataki rafiki yake akione.

Turudi Nsambya, tuanze na urefu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kabla ya kwenda kwa fundi, pima kutoka sakafuni hadi kwenye dari. Nyumba nyingi zina futi 9, yaani inchi 108. Kijana aliyekwisha kukua, akikaa kwenye kiti cha inchi 18, utosi wake hufika karibu inchi 54 kutoka sakafuni. Kwa hiyo upande wa chini wa mbao ya ubavuni usiwe chini ya inchi 58, la sivyo kila akiinuka atajigonga. Pima hadi kwenye mbao hiyo, wala si hadi kwenye chaga, kwa sababu mbao ya ubavuni huning'inia chini kuliko chaga. Ongeza inchi 3 hadi juu ya chaga, kisha godoro la inchi 6: umefika 67. Zinabaki inchi 41 hadi kwenye dari, na kijana anaweza kuketi kitandani bila kuinamisha shingo. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa dari ya futi 8. Zinabaki 29, naye akiketi anahitaji kama 36. Chumba cha namna hiyo hakifai kitanda cha juu, hata fundi akikuapia. Hakifai vilevile kama nyumba haina dari na mabati yako wazi juu yake. Saa nane mchana wa Februari huko juu hakulaliki, na mvua ikinyesha usiku hasikii hata saa ya kumwamsha.

Ukingo wa kuzuia kuanguka ndio kasoro mbaya kuliko zote, na chanzo chake ni godoro. Kanuni za Marekani za vitanda vya ghorofa zinataka ukingo upite juu ya godoro kwa inchi 5 au zaidi, na nafasi zilizo wazi kwenye ukingo zisipitishe kitu cha upana wa inchi 3.5, mwili usije ukapenya na kichwa kikabaki. Kanuni hizohizo zinataka mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu. Kitanda cha Nsambya huja na ukingo wa inchi 8 kutoka kwenye chaga, na kwa macho unatosha. Weka godoro la inchi 4, unabaki na inchi 4. Weka la inchi 8, ambalo wazazi wengi hulinunua wakidhani wanampendelea mtoto, ukingo umekwisha wote. Agiza inchi 12 kutoka kwenye chaga, nunua godoro la inchi 6 la fomu nzito, na usizidishe. Piga mstari wa kalamu ndani ya nguzo kuonyesha godoro linapotakiwa kuishia, ili asije mtu mwakani akaleta nene zaidi.

Kwa ukubwa, godoro la futi 3 kwa 6 ndilo linalopatikana kila duka. Mwambie fundi nafasi ya ndani iwe inchi 37 kwa 73, maana godoro likibanwa hujikunja katikati. Kijana anayerefuka haraka mpe la upana wa futi 3 na nusu, na upande wa miguuni uwe wa fito mbili tu zenye nafasi kati yake, asigonge vidole kwenye ubao mzima. Magodoro ya shule ya bweni ya futi 2 na nusu hayafai hapa. Yanaacha ufa wa inchi 7 ubavuni, na mkono au simu hupotelea humo.

Chaga. Hapa shika futi kamba yako na usione haya. Karakana nyingi huweka 6 za upana wa inchi 3. Kwenye urefu wa inchi 72 hiyo inaacha nafasi ya karibu inchi 11 kati ya chaga moja na nyingine. Fomu inazama kwenye nafasi hizo, na mwaka haujaisha godoro lina mawimbi, lawama anatupiwa kiwanda cha godoro. Taka chaga 12. Nafasi zitakuwa kama inchi 3 na robo, nalo godoro litapumua na kubebwa. Kila chaga iwe na unene wa inchi moja kamili baada ya kupigwa randa, isiwe na fundo katikati, na ifungwe kwa skrubu mbili kila upande. Kisha inama uangalie ile fito ya ndani ambayo chaga zote huikalia. Ikiwa imepigiliwa misumari peke yake, ikatae. Uzito wote wa mtoto uko pale, na msumari ukivutwa kwenda chini kila siku hulegea. Gundi pamoja na skrubu za inchi 2 na nusu, kila baada ya inchi 6, ndiyo kazi.

Kuhusu mbao, mvule na mkangazi ni nzuri na bei yake inajulikana. Kwa chumba cha mvulana si lazima. Payini inatosha, mradi ichaguliwe: ni nyepesi, inashika skrubu vizuri, na haina tabia ya kujipinda kama mkaratusi. Mkaratusi, ule unaoitwa kalitunsi pale soko la mbao la Ndeeba, una nguvu lakini ukichongwa mbichi hupasuka kwenye ncha na nguzo hujisokota. Musizi ni laini na hupendwa na wadudu kama haukutiwa dawa. Mugavu ni mzuri kwa nguzo, ingawa ukiwa juu ya pikapu ndipo utajua uzito wake.

Fundi atakuambia, "Ssebo (bwana), mbao hii imekauka kabisa." Chukua vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kutoka kwenye rundo la ndani na kimoja kutoka kwenye lile lililoletwa juzi, uvipime kwa mikono. Kilicho kibichi ni kizito waziwazi. Tazama pia unga wa msumeno: ukishikana kiganjani, mbao ina maji. Nguzo za inchi 3 kwa 3 ndizo hudanganya zaidi, kwani hukauka nje zikabaki mbichi ndani. Zikija kunywea ziko chumbani mwako, viungo vinalegea na kitanda kinaanza kulia kila mtoto akigeuka.

Hata mbao nzuri hunywea kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kudai boliti. Mbao za ubavuni ziungwe na nguzo kwa boliti za milimita 8 zenye washa, mbili kila kona. Ikiwa moja, ubavu huzunguka kwenye boliti kama mkono wa saa. Baada ya miezi miwili zikaze kwa spana, kisha kila likizo. Faida ya pili huionja siku ya kuhama: kitanda cha misumari hakipiti mlango wa inchi 32 bila kukatwa.

Kitanda kirefu pia huyumba, na boliti peke yake hazitoshi. Taka ubao wa plaiwudi wa milimita 9 nyuma ya meza, kutoka nguzo hadi nguzo, uliotiwa skrubu pande zote nne. Huo ndio unaoua mtikisiko. Ongeza vyuma viwili vya pembe kufunga nguzo za nyuma kwenye ukuta wa matofali. Ngazi iwe na mwinamo kidogo na vidaraja bapa vya inchi 3. Vile vya mviringo vinavyopendwa na mafundi kwa sababu ni rahisi kutoboa huumiza nyayo.

Vanishi hupulizwa nje, pembeni mwa barabara, na vumbi la boda zote zinazopita hutua juu yake. Pitisha kiganja: ukihisi chenga, irudishwe kwenye msasa laini. Msimu wa mvua kuna tatizo jingine. Vanishi inayokauka haraka ikipulizwa kwenye hewa nzito hunasa unyevu na kuacha ukungu mweupe kama maziwa. Ukungu huo haufutiki kwa kitambaa. Apulize upya siku kavu, baada ya saa nne asubuhi. Na kitanda kikae kibandani siku kadhaa hadi harufu iishe kabla ya mtu kulala juu yake.

Meza nayo ni sehemu dhaifu ya seti hii. Huja na kina cha inchi 18, ambayo haitoshi daftari lililofunguliwa pamoja na kitabu cha kiada. Agiza inchi 24 kwa 48, urefu wa inchi 29 au 30, na tundu la kupitishia waya kwenye kona ya nyuma. Chini ya kitanda kuna giza hata mchana, kwa hiyo utepe wa taa za LED chini ya mbao ya mbele unahitajika tangu siku ya kwanza, pamoja na taa ya sola kwa zile jioni umeme unapokatika. Ekstensheni ifungwe kwenye mguu wa meza. Isipandishwe juu kitandani kuchajia simu chini ya mto.

Jambo ambalo karakana hazilifikirii kabisa ni chandarua. Kwa kitanda cha juu, kile cha mviringo kinachoning'inia kwenye ndoano moja hakifai: kinambana anayelala na ngozi inagusa wavu, mbu wanamuuma kwa nje. Chukua cha mstatili, uweke ndoano nne kwenye dari inchi chache nje ya kona za kitanda, na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Upande wa ngazi acha kitambaa kipishane. Kama ni chandarua kipya chenye dawa, kianike kivulini kwa saa 24 kwanza.

Mvulana wa bweni anakuja na sanduku lake la bati kila likizo. Lipime kabla ya kuagiza, na uache nafasi yake pembeni mwa meza, upana wa sanduku na inchi 2 za kulitoa.

Kuta zipakwe kabla kitanda hakijaingia. Hata chumba kikubwa kidogo, cha futi 10 kwa 12, chenye dari ya futi 9, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita za mraba 33. Mikono miwili hula lita 6 na nusu hivi, yaani mikebe miwili ya lita 4. Ndoo ya lita 20 ni ya nini? Chukua rangi ya maji yenye mng'ao wa hariri, inayooshwa. Ile ya bei rahisi inayoacha chaki kiganjani itakuwa na alama ya mpira wiki ya kwanza. Plasta mpya ingoje wiki 4. Rangi ya ukuta iwe tulivu, na ushabiki ukae kwenye picha: Nasser Road watakuchapia bango la ukubwa wowote, awe ni mchezaji wa Arsenal au mkimbiaji Joshua Cheptegei, na likichosha linabanduliwa.

Wanaopenda chuma waende Katwe. Paipu ya mraba ya inchi 1 na nusu, geji 16 (kipimo cha unene; namba ikipanda chuma huwa chembamba), hubeba vizuri. Geji 20 ni nyembamba, na hata welda akiwa hodari, paipu hutobolewa na moto kwenye viungo. Chuma hakina wadudu, ila kelele zake ni nyingi kuliko za mbao na kinamkumbusha kijana bweni alilotoka juzi.

Malipo: fundi huomba nusu au zaidi kwanza, na hiyo ni haki yake kwa sababu ananunua mbao. Andikeni vipimo vyote kwenye karatasi, wote wawili mtie sahihi, na mchoro ubaki na kila mmoja. Nenda ukakague kabla ya vanishi, wakati viungo na mafundo bado vinaonekana. Salio litoke kitanda kikiwa kimesimama chumbani, mtu mzima amepanda ngazi, ameketi juu na kugeuka mara mbili tatu, na hakuna kilicholia.