7mm PRC mpya au magnum za zamani: ununue ipi kwa mapori ya Tanga?

Tangu Hornady, kampuni ya Marekani ya risasi, walete risasi ya 7mm PRC mwaka 2022, wawindaji wenye leseni huku Tanga wanaulizana jambo moja: niingie kwenye taratibu za kibali niagize hiyo mpya, au nichukue .300 Winchester Magnum, moja ya magnum (risasi zenye baruti nyingi), ambayo kila mtu anaijua? Ni swali la maana, kwa sababu bunduki hainunuliwi leo ikabadilishwa kesho. Maombi yanaanzia kijijini au mtaani, yanapita wilayani na polisi, na leseni ikitoka inataja bunduki yenyewe. Ukikosea kaliba, yaani kipimo cha risasi, utakaa nayo.

Nianze na mapori, maana ndiyo yanayoamua. Handeni na Kilindi ni miombo na vichaka. Swala pala, tohe au ngiri utamwona ndani ya mita 150, na nyasi zikiwa bado hazijaungua, hata mita 80 ni mbali. Mita 300 za uwazi utazipata ukivuka kuelekea nyika za Kiteto na Simanjiro. Saadani na Mkomazi ni hifadhi za taifa, huko hakuna kuwinda kabisa. Kwa hiyo anayetaka magnum ya masafa marefu ajiulize kwanza masafa hayo atayakuta wapi, na kibali chake cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kinampeleka eneo gani.

Sasa hiyo 7mm PRC. Mimi naiheshimu. Inarusha kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha gramu 11.3 kwa mwendo wa mita 914 hivi kwa sekunde, kichwa chembamba na kirefu kinachopasua hewa bila kupoteza kasi haraka. Ganda lake halina ule mkanda wa chuma kwenye kitako ambao magnum nyingi zilirithi kutoka .375 H&H ya kampuni ya Holland & Holland, ya mwaka 1912. H&H ilihitaji mkanda kwa kuwa bega la ganda lake (pale linapobanwa kuelekea shingoni) limelala mno, haliwezi kuizuia risasi isizame ndani ya chemba, yaani chumba cha risasi kwenye bunduki. Ganda la PRC lina bega lililosimama, linakaa sawasawa chemba, na hapo ndipo usahihi unapoanzia. Mtutu wake nao umetengenezwa kwa ajili ya vichwa virefu: mifereji ya ndani inakizungusha kichwa mzunguko mmoja kwa kila sentimita 20, wakati 7mm Remington Magnum nyingi za zamani huhitaji sentimita 23 au 24. Kichwa kirefu kisichozungushwa vya kutosha huyumba hewani.

Faida hiyo inaonekana wapi? Kwenye upepo, kuanzia mita 350 kwenda mbele. Kusi ikivuma kwa ubavu, kichwa cha PRC kinasukumwa kidogo kuliko kichwa cha kawaida cha .300. Lakini kwa kushuka tu, ukizilenga zote mbili zipige sawa kwenye mita 180, zikifika mita 275 tofauti yake haizidi upana wa vidole viwili. Hakuna mwindaji wa Handeni atakayekosa tohe kwa vidole viwili.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa mita 400, risasi hii yenye kasi yote hiyo inatumia karibu nusu sekunde kufika. Swala pala aliyesimama anakula majani anaweza kuinua mguu na kusogea hatua moja ndani ya muda huo. Ulilenga nyuma ya bega, risasi inaingia tumboni. Anakimbilia kichakani, jua linazama, na mnajikuta mnafuata matone ya damu ambayo kesho yake fisi watakuwa wameshayamaliza. Risasi mpya haiwezi kumzuia mnyama asisogee. Ndiyo maana nasisitiza: mita 250 ziwe mwisho wako, hata ukiwa na bunduki inayoweza mara mbili ya hapo.

Nikipanga kwa atakayemiliki bunduki moja tu, ya kwanza ni .375 H&H Magnum. Kanuni za hapa zinataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati, na hii ndiyo inayokufungulia mlango huo bila kukunyima wanyama wengine. Kichwa chake ni kizito, gramu 19.4, lakini hata hicho kijiti kinaweza kukikengeusha: kupiga kupitia kichaka si desturi njema kwa bunduki yoyote. Inashuka zaidi, kati ya sentimita 25 na 30 kwenye mita 275 ukiilenga kwa mita 180, na teke lake begani ni zito. Mtu mwembamba aijaribu uwanja wa shabaha kabla ya kutoa hela. Akianza kufumba macho kila anapovuta kifyatulio, hiyo si bunduki yake.

Ya pili ni .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963. Asiyewinda nyati aifanye ya kwanza. Kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 900 kwa sekunde kinatosha kwa kongoni, kuro na hata pofu, mradi kichwa kiwe kigumu. Sababu kubwa ya kuipa nafasi hii ni risasi zenyewe: ni kaliba iliyoenea duniani kote na ina nafasi nzuri zaidi ya kukutwa rafu za maduka yenye leseni. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na kurudi mikono mitupu kunauma.

7mm PRC naiweka ya tatu. Kama una bunduki nyingine ya vichakani, na safari zako ni za nyika, na muuzaji amekuhakikishia kwa maandishi kwamba risasi zitaendelea kuja, inunue bila wasiwasi. Teke lake ni pungufu kidogo ya .300. 7mm Remington Magnum, ya mwaka 1962, ni ya nne: ukiikuta nzima kwa bei nzuri inafaa, hasa kwa vichwa vya kawaida. 300 PRC, ndugu mkubwa wa 7mm PRC, ni risasi ndefu, inahitaji bunduki yenye mtambo (sehemu inayopakia na kufunga risasi) mrefu na mzito, na kwa mapori yetu ni mzigo tu.

Kabla ya kulipa, ulizia dukani aina mbili za risasi ya kaliba unayoitaka, zote ziwe mkononi, si za kuahidiwa. Soma maandishi ya kwenye kitako cha ganda moja moja: 7mm PRC na 7mm Remington Magnum zote ni milimita saba lakini haziingiliani, na kuzichanganya kunaweza kupasua bunduki usoni kwako. Chungulia mtutu kwa tochi, maana hewa ya chumvi ya Tanga huleta kutu haraka, na bunduki iliyokaa stoo bila mafuta utaiona ina vijidoa vyekundu karibu na mdomo. Ukiviona, mwambie muuzaji akuletee nyingine.