Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa kupiga pasi nywele za asili hapa Mwanza

Nianze na kifundo. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye chanuo, ushike kwa juu, halafu uuteremshe taratibu katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kama nywele zako ni kipilipili kama zangu, kabla hujafika mwisho utagusa kitu kama chembe ya mchanga. Ukivuta, hakifunguki. Ukikitazama juani unakuta unywele umejizungusha wenyewe ukajipiga fundo, peke yake, bila msaada wa mwenzake. Mwezi wa pili mwaka jana kichwa changu chote kilikuwa hivyo. Nikichana nasikia tiki, tiki, tiki, na kila tiki najua ni unywele umekatikia hapo hapo kwenye kifundo.

Wakati huo nilikuwa na miaka minne tangu niache dawa ya kunyoosha nywele. Nywele zilikuwa zinaota, nilikuwa naziona kwenye mizizi, lakini urefu haubadiliki. Kinachoota juu kinakatikia chini. Niliuliza watu kama nipige pasi, nusu wakaniambia nitaziunguza, nusu wakaniambia niende tu, nitapendeza. Kupendeza sikuwa nimeuliza.

Aliyenisukuma ni mama mdogo wangu wa Sengerema. Alikuja kutusalimia, enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kwa hiyo alivuka na kivuko akafika na upepo wote wa ziwa kichwani. Shikamoo, marahaba, akanishika nywele kabla hata hajavua viatu. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunachoma Krismasi na Pasaka, na vifundo hivi tulikuwa hatuvijui." Anamaanisha kitana cha moto, kile cha chuma kinachowekwa juu ya jiko la mkaa, nywele zimepakwa mafuta ya mgando, moshi unapanda. Nikamwuliza na hilo kovu kwenye sikio je. Akacheka, akasema hilo la Pasaka.

Nilikuja kuona kwamba alikuwa na haki nusu. Unywele ulionyooka hauwezi kujipiga fundo kirahisi, maana fundo linataka mkunjo. Nusu ya pili ndiyo iliyonigharimu.

Mara ya kwanza nilienda saluni moja ya katikati ya mji, sitaitaja. Dada aliyenihudumia alikuwa na mikono myepesi kweli. Akaosha, akakausha kwa draya dakika chache, akachukua pasi, akaipandisha hadi namba ya mwisho, nyuzi joto 230. Nywele za mbele alipozishika zikapiga kelele chwaaa, moshi ukatoka. Nikashtuka, akaniambia ni mafuta hayo. Akapitisha pasi palepale mara nne, mara tano, mpaka zikanyooka kama uzi wa kushonea. Nililipa 20,000 nikatoka pale natembea katikati ya barabara kama nimeinunua.

Wiki mbili baadaye nikaosha. Nywele za nyuma zikarudi, za pembeni zikarudi. Kishungi cha mbele, upande wa kulia, kikabaki kimelala. Nikakipaka maji, nikakisokota, nikakibembeleza. Kimya. Mpaka leo.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Ndani ya unywele kuna viungo dhaifu vinavyoachia kwa maji au kwa joto, halafu vinashikana tena unywele ukikauka au ukipoa. Pasi inatakiwa icheze na hivyo tu, ndiyo maana ukiosha mkunjo unarudi. Dawa inavunja viungo vikali vya ndani zaidi, vya salfa, na ndiyo maana dawa haitoki kwa maji, unasubiri iote ukate. Sasa pasi ikizidi moto, protini yenyewe ya unywele inaharibika umbo, na hapo umeshapata madhara yanayofanana na ya dawa bila kununua dawa. Na ile chwaaa haikuwa mafuta. Yalikuwa maji. Unywele ambao haujakauka vizuri ukibanwa na chuma cha moto, maji ya ndani yanachemka na kugeuka mvuke, mvuke unatafuta njia, unywele unabaki na vipovu ndani. Hapo penye kipovu ndipo utakapokatikia.

Mngetegemea niishie hapo. Lakini kuna jambo lilinirudisha: ukiacha kile kishungi, kichwa kilichobaki kilikuwa kinachanika. Mwezi mzima baada ya kuosha nilikuwa napitisha chanuo bila zile tiki. Nikasema tatizo si pasi, tatizo ni mkono.

Mwezi wa sita nikapelekwa na jirani kwa dada mmoja Nyakato, chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kimepasuka pembeni. Kitu cha kwanza aliniuliza mara ya mwisho kuweka dawa ni lini. Cha pili akakishika kile kishungi, akakigeuza, akasema, "Pole dada, hiki walikichoma." Nikaamua nikae.

Aliosha mara mbili, mara ya kwanza kutoa mafuta niliyojaza miezi yote, ya pili kuosha nywele zenyewe. Akanipaka stimingi, ile krimu ya kulainisha nywele, akanifunga mfuko wa nailoni, nusu saa. Akafumua kwa vidole kwanza, chanuo likafuata, kuanzia nchani kwenda juu. Kuna watu bado wanachana kutoka kwenye mizizi, wanashuka na mafundo yote yanakusanyika chini, halafu wanasema nywele za Kiafrika ngumu. Baada ya hapo akanipaka kinga ya joto, ni majimaji fulani mepesi yenye silikoni, akaanza kukausha kwa draya yenye meno.

Umeme ukakatika.

Tulikaa. Nusu ya kichwa changu imesimama, nusu imelowa. Akatuma mtoto akanunua karanga, tukatafuna, tukazungumza habari za bei ya sato mpaka umeme ukarudi baada ya saa mbili. Nalisema hili kwa sababu alipoendelea hakuishika pasi. Aliziloweka upya zile zilizokuwa zimejikaukia vibaya, akarudia draya, akawa anabana kila fungu kwa vidole na kulipeleka shavuni kwake kusikiliza kama lina ubaridi. Ubaridi ni maji. Mpaka lote likawa kavu kabisa ndipo akawasha pasi. 180. Mafungu membamba, upana wa penseli mbili hivi, kitana kinatangulia na pasi inafuata nyuma yake, mara moja. Palipogoma akarudia mara ya pili, ya tatu hakunipa. Sikusikia chwaaa hata moja.

Halafu mkasi. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana watu wengi wanadhani pasi ndiyo inayotibu ncha. Pasi haitibu. Ncha ikishapasuka imepasuka, hakuna mafuta wala moto unaoziba, na zile chupa zinazoahidi kuziba zinagundisha tu mpaka siku ya kuosha. Ukiacha, mpasuko unapanda juu. Kazi ya pasi ni kukufanya uone. Kipilipili kikiwa kimejikunja huwezi kujua wapi ni unywele mzima na wapi ni uchafu wa ncha. Aliweka taulo jeupe begani kwangu, akalaza fungu moja juu yake, akanionyesha: hadi hapa nyeusi, imeshiba, huoni taulo, kuanzia hapa taulo linaonekana katikati ya nywele, na kuna vidoti vyeupe kwenye ncha. "Tunakata hapa." Kama sentimita tatu. Nililalamika, akanipa fungu nilishike mwenyewe. Zile chembe za mchanga zote zilikuwa kwenye hizo sentimita tatu.

Mkasi wake hauguswi. Mtoto aliingia kuuomba akate karatasi ya daftari, alifukuzwa kama mwizi wa kuku. Mkasi uliotumika kwenye karatasi unakuwa butu, mkasi butu hautoi ncha safi, unatafuna, na umezalisha mpasuko mpya hapo hapo.

Bei: kuosha na stimingi 10,000, draya na pasi 15,000, kukata ncha 5,000. Jumla 30,000. Niliingia saa tatu asubuhi nikatoka saa tisa alasiri, ila saa mbili hizo tuwaachie wa umeme.

Kuishi nazo sasa. Mwezi wa sita Mwanza ni kavu, zilikaa siku kumi na mbili zimenyooka. Nilirudi mwezi wa kumi, mvua zimeanza, na siku ya nne nilikuwa na kichwa kama nimeshika waya. Si kosa la dada. Hewa ikijaa unyevu, vile viungo dhaifu vinaachia, mkunjo unarudi bila hata tone kukugusa. Kama una harusi na ni kipindi cha mvua, piga pasi kesho yake iwe harusi, usijipe wiki.

Na kuna jambo la harufu, halisemwi. Nywele ukishazipiga pasi unaziogopa maji, huoshi wiki mbili. Mimi siku ya tatu nikaenda Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa. Kitambaa nilifunga, lakini nilikifunga kwa urembo, si kwa ulinzi. Jioni mume wangu akaniuliza leo tunakula dagaa? Nikamwambia hapana, ni mimi.

Usiku nazizungushia kichwa, nafunga kitambaa cha satini. Nakaa Mabatini, chini ya mawe, na mawe haya yanakunywa jua mchana yanalitema usiku, unatoka jasho kichwani umelala. Mizizi inarudi kwanza. Niliacha kuhangaika nayo. Wapo wanaoamka wanapitisha pasi kwenye mizizi kila asubuhi, na hao ndio utakaowakuta mwakani wanauliza mbona nywele zinakatika. Moto wenyewe ukizidi unapasua ncha. Huwezi kutibu mpasuko kwa kitu kinacholeta mpasuko, kwa hiyo kitumie mara chache sana.

Nilijaribu pia kununua pasi yangu, 25,000 pale Makoroboi. Haina namba, ina taa nyekundu tu, inawaka basi imewaka. Niliibana kwenye kipande cha tishu nyeupe, tishu ikawa rangi ya chai ya maziwa. Sasa nanyooshea kola za sare za mwanangu, inafanya kazi nzuri sana.

Kwa hiyo mimi ni mara tatu kwa mwaka, dada mwenyewe alipendekeza kila baada ya miezi mitatu na nikamkatalia. Katikati ya hapo nasuka kwa uzi, ule mweusi, vijiti vya uzi kama bibi zetu. Uzi unavuta nywele zinanyooka bila moto, vifundo havipati nafasi, na fundi ni mdogo wangu kwa hiyo gharama ni soda. Kusema kweli, kama nywele zako bado ni fupi, hazijavuka urefu wa kidole, usitoe 30,000. Suka uzi. Pasi subiri uwe na urefu wa kupoteza.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa kwake tena, mara ya tatu. Nilifanya kama nilivyofanya mwaka uliopita, nikachukua nywele zilizobaki kwenye chanuo, nikaziteremsha moja moja kwenye vidole. Zamani zaidi ya nusu zilikuwa na chembe. Safari hii nilipitisha ishirini, tano ndizo zilizonikwama. Vifundo havijaisha, na kwa kipilipili sidhani vitaisha. Alikata sentimita moja tu, na urefu sasa unagusa bega nikiuvuta.

Kile kishungi cha mbele tunakikata kidogo kidogo kila nikienda, maana nilikataa kukatwa chote nibaki na pengo usoni. Juu kinaota kimejikunja kama wenzake, chini bado kimelala. Kimebaki vidole viwili.