Boti ya kukodi Caledonian Canal, Uskoti: nendeni Oktoba

Mimi na mume wangu tumetoka kupumzika kwenye Caledonian Canal, mfereji wa boti unaokatiza Uskoti, na ushauri wangu kwa mwenye nia ya kwenda ni mmoja: iache Julai, subiri majani yaanze kupukutika.

Njia nzima ni kilomita 97, kutoka Inverness hadi Corpach karibu na Fort William, ila kilichochimbwa na watu ni kama theluthi tu. Kwingine unapita maziwani: Lochy, Oich, Ness na Dochfour, yote kwenye bonde moja lililonyooka. Mhandisi Thomas Telford alianza kazi 1803 ili meli zisilazimike kuzunguka bahari ya kaskazini yenye mawimbi makali, na mfereji ukafunguliwa 1822.

Boti tuliichukua katikati ya njia. Leseni haihitajiki, unaonyeshwa usukani, injini, jiko na hita, kisha unaachiwa. Hapa nina lalamiko: maelekezo yalikwenda mbio mno kwa watu ambao hawajawahi kushika usukani. Waambie warudie, hasa kufunga kamba, maana hiyo ndiyo kazi utakayoifanya kutwa.

Malango ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti, yalinitia hofu kabla ya safari, na sasa ndiyo ninayoyakumbuka kwa furaha zaidi. Fort Augustus yako matano mfululizo, yanateremka katikati ya kijiji mpaka Loch Ness. Unaingia kwenye chumba cha mawe, geti linafungwa nyuma yako, maji yanapunguzwa na boti inashuka nayo polepole. Mageti yanaendeshwa na wafanyakazi wa mfereji. Ninyi mnashika kamba, mmoja ya omo (mbele) na mwingine ya tezi (nyuma), mkizilegeza kidogo kidogo. Kutoka chumba hadi chumba tuliikokota boti kwa miguu, tukipita ukingoni kama wachungaji na ng'ombe wao. Hatukukuta foleni, kwa hiyo hakuna aliyetuharakisha.

Laggan Avenue, kipande cha mfereji kati ya Lochy na Oich, kina miti pande zote mbili. Oktoba mingine ni manjano, mingine rangi ya shaba, na misonobari imebaki kijani. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mfereji ni takriban kilomita 8 kwa saa, nami sikutamani hata kidogo kuongeza. Usubi unaouma watu kiangazi nao ulikuwa umekwisha.

Loch Ness ni habari nyingine. Lina urefu wa kilomita 37 hivi na kina kinafika mita 230. Upepo ukifuata bonde, mawimbi yanakuwa ya kweli. Tulizuiwa Fort Augustus mpaka hali itulie, na nilishukuru. Kwa hiyo usipange ratiba ya kubana.

Upande wa pili, Banavie, kuna malango manane yaliyopangana kama ngazi. Boti za kukodi kwa kawaida huishia juu yake, lakini fika tu: mawingu yakiondoka unauona Ben Nevis, mita 1,345, mlima mrefu kuliko yote Uingereza.

Kwenye saa kumi na mbili jioni giza linaingia, na malango hufungwa kabla ya hapo. Funga boti mapema, washa hita, upike bila haraka. Beba glavu zisizopitisha maji, kwani kamba zikilowa zinagandisha vidole. Ningerudi hata kesho.