Civita di Bagnoregio: Je, Mji Huu Unastahili Kiingilio cha Euro 5?

Kutoza kiingilio cha euro 5 katika mji ambao wakazi wake wa kudumu ni kama kumi tu ni jambo linalodai maelezo, na kila ninapozungumza na msafiri anayepanga kwenda Civita di Bagnoregio, nchini Italia, swali la kwanza huwa ni hilo: kwa nini nilipe ili nitembee barabarani? Nilikaa huko siku moja na usiku mmoja mwezi wa Oktoba. Jibu langu ni kwamba malipo hayo ni ya haki kabisa, ila mgeni anayefika saa sita mchana, akapiga picha na kuondoka baada ya nusu saa, atakuwa ametoa fedha zake bila kukipata alichokilipia.

Mji huu uko katika mkoa wa Viterbo, jimbo la Lazio, takriban kilomita 120 kaskazini mwa Roma. Waetruski, watu walioishi Italia ya kati kabla ya enzi ya Warumi, ndio walioujenga, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, juu ya kilima ambacho umbo lake ndilo chanzo cha uzuri wake na pia cha msiba wake. Juu kuna tabaka la tufu, yaani jiwe lililotokana na majivu ya volkano yaliyogandamana, na chini yake kuna udongo wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari katika zama za kale. Mvua na vijito viwili vya bondeni huula udongo huo taratibu, na jiwe la juu linapokosa pa kukalia hupasuka na kuporomoka pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Nyumba ya utotoni ya Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia mkubwa wa Wafransisko wa karne ya 13 aliyezaliwa hapa, imekwisha kuanguka bondeni. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1695 wakazi wengi walihama, na makao ya askofu na ya utawala yakahamishiwa ng'ambo ya bonde, mahali panapoitwa Bagnoregio hivi leo. Waitalia huuita Civita "mji unaokufa". Mimi silipendi jina hilo, kwa sababu linamwandaa mgeni kuja kutazama kifo, ilhali nilichokiona ni watu wachache wanaofanya kazi kubwa ili kilima chao kisianguke.

Njia ya kuingilia ni moja tu, nayo ni daraja la zege la watembea kwa miguu lenye urefu wa mita 300 hivi, lililojengwa mwaka 1965. Lile la awali lililipuliwa na majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma katika Vita vya Pili vya Dunia. Magari hayavuki. Mizigo ya wakazi hupitishwa kwa pikipiki na kwa vigari vya magurudumu matatu vya Piaggio, ambavyo msomaji wa Dar es Salaam atavitambua mara moja, kwa kuwa kampuni ya Bajaj ya India ilianza kutengeneza magari ya namna hiyo kwa leseni ya kampuni hiyo hiyo ya Kiitalia. Nawasihi wanaosafiri na wazazi wazee walifikirie daraja hili kwa uzito. Sehemu yake ya mwisho inapanda kwa ukali, hakuna kivuli hata kidogo, upepo wa bondeni hupiga bila kizuizi, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupanda pasipo msaada wa watu wenye nguvu.

Tiketi yenyewe ilianzishwa mwaka 2013 kwa euro 1.50, kisha ikapandishwa. Mapato yake huingia katika hazina ya manispaa ya Bagnoregio, ambayo Civita ni sehemu yake, nayo yakaiwezesha kuwapunguzia wakazi wa Bagnoregio mzigo wa kodi za manispaa. Nilipolijua hilo, ule ugumu wa kutoa fedha ulinitoka: wageni kwa maelfu wanapopita mbele ya mlango wa mtu, ni haki mwenye mlango naye apate kitu.

Ukimaliza kupanda unafika kwenye lango la Santa Maria, ambalo njia yake ilichongwa ndani ya mwamba na Waetruski, na watu wa Zama za Kati wakaongeza tao lake. Usipite haraka. Tazama juu uwaone simba wa mawe walioshika vichwa vya binadamu kwa makucha, kumbukumbu ya wenyeji walioasi dhidi ya ukoo wa Monaldeschi wa mji jirani wa Orvieto. Ndani kuna uwanja mmoja mkubwa, usiosakafiwa, wenye kanisa la San Donato linalohifadhi msalaba wa mbao wa karne ya 15. Katika uwanja huo hufanyika mbio za punda mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya kwanza ya Juni na Jumapili ya pili ya Septemba. Kwa mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa bahari Lamu akishangilia punda wakikimbia, uwanja ule hauwezi kuwa mgeni kabisa.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ambayo wageni wengi waliipita bila hata kugeuza shingo: jumba la makumbusho ya jiolojia na maporomoko ya ardhi, lililomo ndani ya Palazzo Alemanni. Ni dogo, na maelezo yake yanahitaji utulivu, lakini hapo ndipo mtu anapoelewa mji wote. Unaonyeshwa jinsi tabaka zilivyopangana, jinsi nyufa zinavyoanza, na jinsi wahandisi wanavyoushona mwamba kwa nondo za chuma ili kuta za kilima zisiachane. Nilipotoka nikapita tena vichochoro vile vile, nilianza kuona kile ambacho asubuhi sikukiona: ngazi inayoishia hewani, na ukuta wenye madirisha ambao nyuma yake hakuna chumba bali anga, kwa kuwa nyumba nzima ilikwenda na mwamba. Ningekuwa na mamlaka, ningemwelekeza kila mgeni aanzie hapo kabla ya jambo jingine lolote. Hakikisha tu siku na saa za kufunguliwa kabla ya safari.

Kuhusu chakula sina mengi. Mkate uliochomwa juu ya moto wa kuni, ukasuguliwa kitunguu saumu na kumwagiwa mafuta ya zeituni ya huko huko, ulinitosha mchana wote. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, kwa maana nyama hiyo hupikwa sana katika eneo hili.

Malazi yalinikera kwa jambo moja. Mwenye nyumba niliyofikia, ambaye simtaji, aliniahidi kwamba begi langu lingechukuliwa mwanzoni mwa daraja, na hakuna aliyekuja; nikalibeba mwenyewe hadi juu. Hata hivyo, ningeshauri kulala huko kuliko jambo jingine lolote. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni uwanja ulijaa makundi yanayofuata bendera za waongozaji. Jua lilipozama, makundi yakaondoka, wakabaki paka wengi wa mji huo, wenyeji wachache kwenye vizingiti vya nyumba zao, na ukimya ambao sauti ya kijiko kikigonga sufuria ilisikika kutoka mwisho wa kichochoro. Asubuhi ukungu ulikuwa umelijaza bonde lote, na kilima kikaonekana kama kisiwa.

Kwa usafiri, panda treni kutoka Roma hadi Orvieto, kisha basi hadi Bagnoregio, halafu utembee kama nusu saa hadi darajani. Mabasi ni machache mno, na Jumapili na sikukuu hayapo kabisa, kwa hiyo nunua tiketi ya kwenda na ya kurudi kabla ya kupanda na uandike saa ya basi la mwisho mahali ambapo hutaisahau. Mimi nimekwisha kuweka nafasi ya Jumapili ya kwanza ya Juni, usiku mbili, na safari hii nitabeba mkoba wa mgongoni peke yake.