TAHADHARI: Propela "zilizorefushwa" za Land Cruiser zinazouzwa mtandaoni

Wenye magari ya safari yaliyorefushwa chasisi au kunyanyuliwa springi, someni kabla hamjatuma hela. Zimezagaa picha za propela shafti (bomba linalozunguka kupeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli) "ndefu, imebalansiwa, unafunga tu". Ukipiga simu unaulizwa kitu kimoja: gari gani? Hapo hapo shtuka. Land Cruiser mbili zilizorefushwa na gereji tofauti haziwezi kutumia propela moja. Fundi anayejua kazi ataomba kipimo cha kutoka flenji (sahani ya kufungia boliti) ya transfa, gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, hadi flenji ya pinioni, shafti inayoingia kwenye difu (gia za ekseli), gari likiwa limesimama kwa matairi yake na mzigo wa kawaida, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Ataomba pia pembe, yaani nyuzi za mwinamo, za flenji zote mbili. Asiyeuliza hayo anakuuzia bomba lililopakwa rangi.

Na mara nyingi ni bomba kweli, tena la maji. Kwangua rangi kidogo: ukikuta zinki, rudisha. Bomba hilo halikutengenezwa kwa ajili ya kuzunguka, unene wake haulingani pande zote, na zinki hutoboa weldi vitundu vitundu. Wengine huunga propela kuukuu mbili katikati, kisha hufukia mshono kwa bodi fila. Pitisha sumaku ndogo kwa urefu wote. Mahali inapolegea pana fila. Propela ya halali hukatwa mwishoni, karibu na weldi ya kiwandani. Yoki (kichwa chenye masikio mawili mwishoni mwa propela) hukerezwa, hupigwa kwa nyundo ndani ya bomba jipya ikiwa imebana, hushikizwa kwa weldi nukta nne zinazotazamana, hupimwa, ndipo ikachomelewa mzunguko mzima.

Angalia masikio ya yoki za ncha mbili. Propela ikilala sakafuni yawe kwenye mstari mmoja. Krosi (kiungo cha msalaba kinachokaa kwenye masikio hayo) iliyo kwenye pembe huharakisha na kuchelewesha mzunguko mara mbili kila duru, na krosi ya pili ndiyo inayofuta kosa hilo, mradi masikio yamelingana na pembe mbili ziko sawa. Fundi akichomelea kwa kukisia, mtikisiko utaingia kwenye difu na transfa, na hakuna balansi itakayouondoa. (Propela ya mbele ya Land Cruiser 80 ilitoka kiwandani ikiwa imepishanishwa masikio makusudi. Hiyo msiilaumu.)

Vile vipande vya chuma vya "balansi" navyo msiviamini. Kuna wanaobandika viwili vitatu kwa urembo tu. Dai video propela ikizungushwa taratibu, geji ya mshale ikigusa katikati ya bomba: mshale ukicheza zaidi ya nusu milimita, imepinda. Tazama pia vikombe vya krosi. Vikiwa vimedonolewa weldi badala ya kushikwa na klipu zake, moto umeshaunguza sili na pini za beringi. Krosi hiyo ndiyo hufa kwanza, na haifi kimya.

Urefu nao una mpaka. Ukitoka mita 1.2 kwenda 1.5 kwa bomba lile lile, spidi ambayo propela huanza kupinda yenyewe kwa kuzunguka hushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ukivuka mita 1.5 ni salama zaidi kugawa vipande viwili na kuweka senta beringi, beringi inayoshika propela katikati. Muuzaji anayesifu "kipande kimoja, haina senta ya kusumbua" anakuuzia hatari. Kwa tairi la 7.50R16 na difu ya uwiano wa 4.1, ukienda kilomita 80 kwa saa propela inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, chini ya miguu ya abiria.

Mliokwisha nunua: kabla ya safari, fungeni na mpime splaini (meno yanayoteleza ili propela irefuke na kufupika). Gari likiwa chini, ibaki milimita 25 hadi 40 kabla haijagota. Ekseli ikining'inia, splaini zisichomoke. Pimeni flenji kwa pimamaji ya simu: ya transfa na ya pinioni zitofautiane si zaidi ya nyuzi 1. Fungeni pia kitanzi cha chuma karibu na krosi ya mbele, kwa sababu propela ikikatikia upande huo huchoma ardhi na kuinua gari. Ikianza kutikisika kwa spidi ile ile kila mara, hata ukiweka gia huru, ivueni na mdai hela yenu.