Miezi minane na kipima unyevu cha udongo

Nilikinunua kwa hofu. Monstera yangu, mmea wa ndani wenye majani makubwa yenye matundu, ina urefu wa karibu mita mbili, iko kwenye chungu chenye kina cha sentimita 35, na majani yake ya chini yalikuwa yameanza kuwa ya njano, moja baada ya jingine. Kila Jumamosi nilitia kidole, nikakuta udongo mkavu, nikamwaga maji. Kidole changu, hata nikikizamisha chote, hakifiki sentimita nane.

Kipima chenyewe ni cha kawaida, hakina betri. Kina vijiti viwili vya chuma vya sentimita 20, na juu yake kisanduku chenye mshale unaosoma 1 hadi 10. Siku ya kwanza nilikichomeka hadi mwisho, mshale ukaruka mpaka 9. Kumbe juu jangwa, chini kinamasi! Sikumwagilia tena hadi kiliposoma 3, na hiyo ilichukua siku 16. Majani mawili yaliyokwisha kugeuka hayakupona (hayaponi, usiyasubiri), ila hakuna jingine lililofuata. Kufikia hapo ningekipa nyota zote tano.

Kisha nikahamishia mmea kwenye udongo mpya. Monstera kwao ni misitu ya kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama, hupanda miti kwa mizizi ya hewani, kwa hiyo mizizi yake hupenda kupumua. Nikauchanganyia udongo mwepesi: vipande vya maganda ya miti, makumbi ya nazi na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano). Nikamwagilia hadi maji yakatoka chini, nikachomeka kipima. Kikasoma 2. Nikakiamini, nikaongeza maji. Siku tatu baadaye bado 2, nikaongeza tena. Asubuhi moja nikakuta matone yakining'inia kwenye ncha za majani, na visubi wakiruka juu ya chungu, dalili za udongo uliolowa mno. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hiki kidude kinapima nini hasa.

Jibu ni kwamba hakipimi maji. Vijiti ni vya metali mbili tofauti, na udongo wenye unyevu unapovigusa hutokea umeme kidogo unaosukuma mshale. Kwenye mchanganyiko wa vipande vikubwa, chuma hugusa hewa zaidi kuliko udongo, kwa hiyo husoma ukavu ambao haupo. Chumvi nayo hufanya kinyume chake. Nilikitia kwenye glasi ya maji ya mvua, kisha nikaongeza chumvi kidogo, mshale ukapanda wakati maji ni yaleyale. Mbolea ni chumvi vilevile. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, usikisadiki kipimo chako mpaka umwage maji mengi yausuuze.

Siku hizi nainua ukingo wa chungu kwanza. Ukishauzoea uzito wake baada ya kumwagilia, mikono inajua. Kipima nakitumia kuhakikisha tu, nikichomeka sehemu tatu tofauti na kuchukua usomaji wa juu kuliko yote. Nikimaliza nakitoa na kukifuta. Mwanzoni nilikiacha udongoni wiki nzima kama pambo, kikaanza kuingia kutu.

Kipima kina pia swichi za kupima mwanga na pH, yaani uchachu wa udongo. Ya mwanga inafaa kidogo, ingawa dirisha unaliona kwa macho. Ya pH sijui waliiweka kwa ajili ya nani, maana tangu nikinunue mshale haujawahi kubanduka kwenye 7, hata nilipojaribu kwenye siki.

Kama una chungu kirefu chenye udongo wa kawaida na huwezi kukiinua, kichukue. Kama umetumia mchanganyiko wa maganda, kijiti cha mbao kinachotoka na unyevu kitakusaidia zaidi. Mimi nakipa nyota 3. Wangeondoa hiyo pH na kurefusha vijiti kwa sentimita kumi, ningeongeza ya nne.